Ramanujan: Karani wa bandari aliyeiachia kompyuta kanuni ya pai

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa shule ya msingi huko Kingerikiti, katika milima ya upande wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, anapofundishwa hesabu za duara huambiwa jambo moja ambalo hulikariri maisha yake yote: ili kupata mzingo wa duara, zidisha kipenyo kwa 22 juu ya 7, au kwa 3.14. Akitaka kuhakikisha, atachukua kamba, ataizungusha kwenye pipa la maji, kisha ataipima kwa upana wa pipa hilo. Ataona kwamba kamba inaenea mara tatu na kubakiza kijisehemu kidogo.

Kijisehemu hicho kimewasumbua wanahisabati kwa zaidi ya miaka 2,000. Namba hiyo, iitwayo pai kwa jina la herufi ya Kigiriki, huanza na 3.14159265 na kuendelea bila kikomo wala mpangilio wa kujirudia. Ile 22 juu ya 7 tunayofundishwa darasani hukosea mapema, katika tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Katika zama hizi kompyuta zimekwisha kuzihesabu tarakimu za pai kwa matrilioni. Wapo wanaodhani kwamba siri ya mafanikio hayo ni nguvu ya mashine peke yake. Dhana hiyo si sahihi. Mashine yenye nguvu ikipewa njia mbaya hufanya kazi mpaka ichakae bila kufika popote. Siri kubwa imo katika kanuni ambayo mashine hupewa, na kanuni zilizoleta mapinduzi hayo zina chimbuko katika kazi ya mtu ambaye hakuwahi kuiona kompyuta, aliyefeli mitihani ya chuo na kuishia kuwa karani wa bandari. Mtu huyo ni Srinivasa Ramanujan.

Ramanujan alizaliwa Desemba 22, 1887, katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo mjini Kumbakonam, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia. Familia ilikuwa ya Wabrahmani, tabaka la heshima katika dini ya Kihindu, lakini heshima hiyo haikuambatana na mali. Mama yake, Komalatammal, aliwapangisha wanafunzi katika nyumba yao ndogo ili kuongeza kipato. Akiwa na umri wa miaka miwili, Ramanujan aliugua ndui na kupona, katika mwaka ambao ugonjwa huo uliua watu wengi katika eneo lao.

Wanafunzi wale wapangaji ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza nje ya darasa. Waliishiwa maarifa ya kumfundisha alipokuwa bado mtoto. Alipofikisha miaka 13 alikuwa amekwisha kukimaliza kitabu cha Mwingereza S. L. Loney kuhusu hesabu za pembetatu, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima kumzidi.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 15, aliazimwa kitabu kilichobadili mkondo wa maisha yake. Kilitungwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, G. S. Carr, na kilikuwa na kanuni zipatazo 5,000, zilizoorodheshwa moja baada ya nyingine karibu bila uthibitisho wowote. Kwa mwanafunzi wa kawaida kitabu cha namna hiyo ni mzigo. Kwa Ramanujan kila kanuni ilikuwa kitendawili, naye akajipa kazi ya kuvitegua vyote peke yake. Tangu hapo akazoea kuandika majibu pasipo kuandika njia iliyomfikisha huko.

Mwaka 1904 alimaliza shule ya sekondari akiwa na tuzo ya hisabati, na serikali ikampa ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Kumbakonam. Hapo ndipo masaibu yake yalipoanza. Akili yake yote ilikuwa katika namba, na masomo mengine hayakupata nafasi. Akafeli, ufadhili ukafutwa. Akaenda Madras, jiji ambalo leo huitwa Chennai, akajiunga na Chuo cha Pachaiyappa. Alifanya mtihani mwishoni mwa mwaka 1906, akafeli. Akarudia mwaka uliofuata, akafeli tena. Katika hisabati alifanya vizuri, lakini utaratibu ulitaka mwanafunzi afaulu masomo yote, na hakukuwa na kifungu cha kumwokoa kijana wa aina yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Hakuwa na cheti wala kazi, na kuna nyakati alilala na njaa. Julai 1909 wazazi walimwoza kwa desturi ya wakati ule kwa Janaki, msichana aliyekuwa bado mdogo sana. Sasa alikuwa na jukumu la kutafuta riziki. Kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, alifanya hesabu zake kwa chaki juu ya kibao, akafuta kwa kiwiko cha mkono, kisha akanakili jibu tu katika daftari. Madaftari hayo ndiyo aliyotembea nayo mkononi, akibisha hodi kwa watu wenye nafasi ili waone anachoweza kufanya.

Wachache walimsikiliza. R. Ramachandra Rao, ofisa wa serikali aliyeipenda hisabati, alimpa posho ya kila mwezi kwa muda. Mwaka 1911 makala yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la chama cha wanahisabati wa India. Machi 1, 1912, aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika Mamlaka ya Bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Mchana alijumlisha hesabu za meli na mizigo, na usiku alirudi kwenye kibao chake.

Wakubwa wake wa kazi ndio waliomhimiza kuandika Uingereza. Maprofesa wawili wa kwanza hawakumsaidia. Januari 16, 1913, alimwandikia wa tatu, G. H. Hardy wa Chuo cha Trinity, Cambridge, akiambatanisha kanuni zipatazo 120. Hardy alikuwa amezoea kupokea barua za watu wanaojidhania kuwa wagunduzi. Hata hivyo, jioni hiyo alikaa na mwenzake J. E. Littlewood wakazipitia karatasi zile, na kabla ya kulala walikuwa wameridhika kwamba mwandishi wake hakuwa tapeli wala mwendawazimu. Baadhi ya kanuni zilijulikana, nyingine zilikuwa na makosa, na nyingine zilikuwa ngeni kabisa kwa wataalamu wa Ulaya.

Kwenda Uingereza hakukuwa jambo jepesi. Mbrahmani mwenye kushika dini hakupaswa kuvuka bahari, na aliyevuka aliweza kutengwa na jamaa zake. Mama yake alikataa, kisha akaridhia baada ya kuota ndoto. Machi 17, 1914, karani yule alipanda meli iitwayo Nevasa na kuondoka Madras. Aprili alikuwa London, na muda mfupi baadaye Cambridge.

Mwaka huo huo alichapisha makala kuhusu njia za kuikaribia pai, ndani yake mkiwa na kanuni 17 za kuihesabu namba hiyo. Ili kuelewa uzito wake, inafaa tutazame kwanza jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa.

Njia iliyo rahisi kukumbukwa ilijulikana kusini mwa India karne kadhaa kabla ya Ramanujan, katika shule ya Madhava wa Kerala, na Ulaya ikaja kuijua kwa jina la Leibniz. Chukua 1, toa theluthi, ongeza sehemu ya tano, toa sehemu ya saba, endelea hivyo hivyo, kisha zidisha kwa 4. Njia hiyo ni sahihi kabisa, ila ni ya kobe. Baada ya hatua 500 hutoa 3.1396, yaani hata tarakimu ya pili baada ya nukta bado ina kosa. Mtu akiandika programu ya kompyuta kwa njia hiyo na kuiomba tarakimu 30 tu, hatapata jibu katika uhai wake.

Njia bora zaidi ilipatikana mwaka 1706 kwa Mwingereza John Machin, aliyefikia tarakimu 100. Mwingereza mwingine, William Shanks, aliitumia kwa miaka mingi, akatangaza tarakimu 707 mwaka 1873. Katika miaka ya 1940 ilibainika kwamba alikosea katika ile ya 528, na kazi yote iliyofuata ilikuwa bure. Hata kompyuta ya ENIAC ya Marekani, ilipopewa kazi hiyo mwaka 1949, ilitumia njia ya Machin. Ilichukua takriban saa 70 kutoa tarakimu 2,037.

Kanuni mashuhuri zaidi ya Ramanujan ilikuwa tofauti na hizo zote. Ina namba ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazihusiani na duara lolote: 9801, 1103, 26390 na 396. Msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuijaribu hatua yake ya kwanza. Gawanya 9801 kwa 2206, kisha jibu hilo ligawanye kwa kipeuo cha pili cha 2. Utapata 3.1415927, ambayo ni sahihi kwa tarakimu sita baada ya nukta. Hatua ya pili hufikisha tarakimu 15 zilizo sahihi. Kila hatua inayofuata huongeza tarakimu nane hivi.

Kama ilivyokuwa desturi yake, Ramanujan alidokeza tu namna alivyozipata kanuni hizo. Uthibitisho kamili hakuuacha.

Mwaka huo wa 1914 haukuwa wa heri kwa dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilizuka, na haikukawia kufika hata kwenye ufuko wetu. Agosti 1914, huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ambayo nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Wazee wa mwambao wa Nyasa wamelirithisha tukio hilo kwa wajukuu. Huko Cambridge vita hivyo hivyo viliwachukua wanafunzi na walimu, na vilimwathiri Ramanujan kwa njia ya chakula. Yeye hakula nyama wala samaki, alijipikia mwenyewe, na vyakula alivyovihitaji viliadimika. Baridi, upweke na mlo duni vikaanza kumla taratibu.

Pamoja na hayo, miaka hiyo ilikuwa ya mavuno. Alishirikiana na Hardy katika kazi ambazo wataalamu wanazisoma mpaka leo, na mwaka 1916 Cambridge ilimpa shahada kwa utafiti wake. Kijana aliyefeli mara mbili mtihani wa chuo cha India sasa alikuwa msomi wa Cambridge. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, Mhindi wa pili kupata heshima hiyo, na baadaye mwaka huo akawa Mhindi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanazuoni mwandamizi wa Chuo cha Trinity.

Heshima hizo zilimkuta kitandani. Tangu mwaka 1917 alikuwa akihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Inasimuliwa kwamba siku moja Hardy alikwenda kumtazama, akataja kwamba teksi aliyopanda ilikuwa na namba 1729, namba isiyo na mvuto wowote. Mgonjwa alimsahihisha papo hapo. Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayoweza kupatikana kwa njia mbili tofauti kwa kujumlisha namba mbili zilizo katika kipeo cha tatu: ya 1 na ya 12, au ya 9 na ya 10.

Madaktari wa wakati huo walidhani anaugua kifua kikuu. Mwaka 1994 daktari D. A. B. Young, baada ya kuchunguza kumbukumbu za ugonjwa wake, alitoa maoni kwamba huenda alisumbuliwa na amiba walioshambulia ini, maradhi ambayo hata wakati ule yalikuwa na tiba iwapo yangetambuliwa. Ramanujan alirejea India mwaka 1919 akiwa amedhoofu mno. Aliendelea kuandika akiwa amelala, karatasi juu ya karatasi, hadi siku zake za mwisho. Alifariki dunia mjini Madras Aprili 26, 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Hakuacha mtoto. Mjane wake, Janaki, aliishi hadi mwaka 1994.

Kanuni ya pai ilibaki katika maktaba kwa miongo kadhaa kama pambo. Hakuna binadamu aliyehitaji tarakimu nyingi kiasi hicho, wala mashine iliyoweza kuitumia vyema. Kisha, mwaka 1985, Mmarekani William Gosper aliiandikia programu. Kompyuta yake ikatoa tarakimu 17,526,200, idadi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimefikiwa hadi siku hiyo.

Ajabu ni kwamba Gosper aliitumia kanuni ambayo bado haikuwa imethibitishwa. Kama Ramanujan alikosea mahali padogo, kazi yote ingekuwa kama ile ya Shanks. Ilipolinganishwa na tarakimu ambazo Wajapani walikuwa wamezipata kabla kwa njia nyingine, zikalingana. Muda mfupi baadaye ndugu wawili, Jonathan na Peter Borwein, walitoa uthibitisho kamili uliochapishwa mwaka 1987. Karani wa Madras alikuwa sahihi, miaka 67 baada ya kufariki.

Ndugu wengine wawili, David na Gregory Chudnovsky, wazaliwa wa Kiev waliohamia New York, walifuata njia iyo hiyo ya Ramanujan wakapata kanuni iliyo nyepesi zaidi, ambayo kila hatua yake huleta tarakimu 14 hivi. Mwaka 1989 walivuka tarakimu bilioni moja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2009, rekodi kubwa za pai zimewekwa kwa kanuni hiyo. Mwaka 2019 Emma Haruka Iwao, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Google, alifikia trilioni 31.4, na mwaka 2022 alifikia trilioni 100.

Hata hivyo, kanuni njema nayo yahitaji programu njema. Kwa kanuni ya Ramanujan, tarakimu milioni moja zahitaji hatua zipatazo 125,000, na kwa ile ya Chudnovsky hatua 70,000 na ushei. Programu ikizijumlisha moja moja, kila hatua italazimika kushughulika na namba yenye urefu wa tarakimu milioni nzima. Ni sawa na mchumaji wa kahawa anayetoka mche hadi mche akiwa amejitwika gunia lote kichwani. Mchumaji mwenye akili huchuma katika vikapu vidogo. Vikapu viwili humiminwa katika kimoja kikubwa, viwili vikubwa katika gunia, na gunia zito hunyanyuliwa mara chache tu mwishoni.

Hivyo ndivyo programu za pai zinavyofanya. Huugawa mfululizo katika nusu mbili, kila nusu katika nusu nyingine, hadi kubaki namba fupi zinazozidishwa kwa wepesi, kisha huziunganisha mbilimbili kurudi juu. Kugawanya na kutafuta kipeuo hufanywa mara moja tu, mwishoni kabisa. Na katika kuzidisha namba zile ndefu haitumiki njia ya darasani, ambayo kwa namba mbili za tarakimu milioni moja ingedai vizidisho trilioni moja. Hutumika njia za mkato kama ile ya Wajerumani Schönhage na Strassen ya mwaka 1971. Kwa mpangilio huo kompyuta ya kawaida ya mezani hutoa tarakimu milioni moja kwa sekunde chache.

Huenda msomaji akauliza faida yake. Ni kweli kwamba hakuna fundi wa mapipa wala mhandisi anayehitaji tarakimu hizo zote. Wataalamu wa Marekani wanaoongoza vyombo vya angani kati ya sayari hutumia tarakimu 15 tu baada ya nukta, kiasi kile kile kinachopatikana kwa hatua mbili za kanuni ya Ramanujan. Tarakimu nyingine hutumika kuipima mashine yenyewe, maana mtambo wenye hitilafu ndogo hujulikana pale jibu lake linapotofautiana na pai inayojulikana.

Lakini maisha ya Ramanujan yanatuachia swali zito kuliko hilo. Mwaka 1976 msomi George Andrews alikuta katika maktaba ya Trinity karatasi zake za mwaka wa mwisho, ambazo zilikuwa zimesahauliwa, na kazi iliyomo imewashughulisha wanahisabati kwa miongo. Hayo ni matunda ya mwaka mmoja wa mgonjwa aliyekuwa akikata roho. Ile miaka aliyoipoteza akizunguka Madras na madaftari mkononi, bila cheti na bila chakula, ingezaa nini?

Hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni kwamba mtihani ulimpima kwa masomo yote ukamwona hafai, na kilichomwokoa ni watu wachache waliokubali kulifungua daftari lake na kulisoma. Mwalimu wa Kingerikiti, Liuli au Mbamba Bay, anayesahihisha karatasi za mtoto aliyeshindwa masomo yote isipokuwa hesabu, ana sababu ya kusita kidogo kabla ya kuliweka jina lake kando.